Bili ya daktari wa farasi iliyoingia bila hodi

Swali: "Shikamoo daktari. Nina farasi jike wa miaka 14, anaitwa Lulu, nimemweka kwenye zizi la kulipia kwa mwezi. Mwezi uliopita nilikuwa safarini, simu haipatikani. Niliporudi nikakuta bili mbili. Ya daktari wa wanyama inapita ada yangu ya zizi ya miezi mitatu. Ya zizi ina mstari wa 'kukesha' na mwingine wa 'usumbufu, asilimia 10'. Wanasema alishikwa na tumbo usiku. Lulu ni mzima, anakula. Mimi sikumwita daktari wala sikusaini chochote. Je, nimeibiwa? Ni lazima nilipe? Mtu anajipangaje na gharama za namna hii, au nimhamishe tu?"

Marahaba, dada. Nikupe pole ya bili na hongera ya Lulu kwa pamoja, maana farasi kushikwa na tumbo usiku na kuamka anatafuta nyasi ni bahati ambayo si kila mwenye farasi huipata. Nimezipitia bili ulizonitumia, mstari kwa mstari. Kwenye ya daktari sioni wizi. Kwenye ya zizi naona mstari mmoja wa haki na mmoja wa kuhojiwa. Kosa lenyewe halimo katika bili yoyote kati ya hizo mbili. Lipo kwenye karatasi ambayo ilipaswa kubandikwa pale zizini na haikuwepo. Nitaifikia.

Tuanze na usiku ule, ili ujue ulilipia nini.

Farasi hatapiki. Mlango kati ya umio na mfuko wa chakula hubana kiasi kwamba kilichoshuka hakirudi juu. Mfuko wenyewe ni mdogo ajabu kwa mnyama wa kilo 500, hubeba kama lita 8 hadi 15 tu. Utumbo wa chini ukiziba, maji na gesi hurudi nyuma na kujaa mle, na kwa kuwa njia ya kutokea juu haipo, mfuko unaweza kupasuka. Ukipasuka, hakuna tena cha daktari kufanya. Ndiyo maana kwenye bili ya daktari kuna ule mstari wa "mpira wa puani". Daktari huupitisha mpira mrefu puani hadi tumboni na kusikiliza kama kuna kinachotaka kutoka. Kikitoka kingi, zaidi ya lita mbili hivi, hali ni mbaya. Kisipotoka, mpira huohuo hutumika kumpa maji na chumvi za kulainisha kilichokwama. Kwa Lulu bili inasema "maji na chumvi, lita 8", kwa hiyo inaelekea hakikutoka kitu, na daktari alikuwa anashughulika na kinyesi kikavu kilichokwama. Utumbo mpana wa farasi hujikunja, na kwenye kona moja karibu na nyonga huwa mwembamba ghafla. Mara nyingi hapo ndipo mambo hukwama.

"Kupima kwa mkono" maana yake ni mkono kuingia kwa njia ya haja kubwa hadi karibu na bega, kutafuta utumbo uliovimba au uliohama mahali pake. Daktari anafanya hivyo akiwa nyuma ya mnyama mwenye maumivu na miguu miwili ya kumrushia. Farasi akishtuka, utumbo unaweza kuchanika. Kwa hiyo "dawa ya kutuliza" na "dawa ya kulegeza utumbo" kabla ya kipimo hicho hazikuwa mapambo ya kukuza bili. Kuna jambo dogo linaloonyesha kuwa uliyempata ni mjuzi: aliandika mapigo ya moyo kabla ya kuchoma sindano ya kulegeza. Sindano hiyo hupandisha mapigo, na ukipima baadaye namba inakudanganya. Farasi aliyetulia hupiga 28 hadi 44 kwa dakika. Lulu alikuwa na 56. Hayo ni maumivu, lakini bado si mapigo ya farasi anayekufa. Yakivuka 60 na kubaki huko, ndipo mimi huanza kuuliza kama kuna gari la kumpeleka hospitali.

Najua kilichokuudhi zaidi ni "ziara ya pili, asubuhi". Umeandika pembeni: "Si alikuwa ameshapona?" Hapana, alikuwa ametulizwa. Dawa ya maumivu aliyopewa, fluniksini, inaweza kufunika dalili kwa saa kadhaa, hata 12. Farasi mwenye utumbo uliojisokota anaweza kusimama kimya chini ya dawa hiyo huku mambo yanaharibika ndani. Ziara ya asubuhi ndiyo inayoeleza kama ni ahueni au ni dawa. Mimi nisingeiacha, na ningekudai vilevile.

Kuhusu ada ya usiku yenyewe, daktari anayekubali kuamshwa saa saba hutoza zaidi kuliko wa saa nne asubuhi, na dawa hupimwa kwa uzito. Chupa inayomtosha mbwa mwezi mzima farasi huimaliza kwa sindano moja.

Sasa bili ya zizi. "Kukesha" ni halali machoni pangu. Saisi, yaani mtunza farasi, alimtembeza, akamwondolea chakula kama daktari alivyoagiza, akamwangalia kila saa hadi alfajiri. Nimeiona karatasi yake, ina saa na idadi ya mafungu ya kinyesi. Hiyo ni kazi. "Usumbufu, asilimia 10" ni habari nyingine. Ukifuatilia hesabu utaona hiyo asilimia imetozwa juu ya bili ya daktari, pamoja na dawa. Zizi halikununua dawa wala halikuzichoma. Fungua mkataba wako. Kama ada hiyo imeandikwa, uliikubali siku uliposaini, lipa na ujadili iondolewe mbele ya safari. Kama haimo, andika barua fupi ya adabu: nalipa kukesha, nalipa bili ya daktari, naomba mnionyeshe msingi wa asilimia 10. Usigome kulipa vyote kwa sababu ya kimoja. Sehemu nyingine sheria humpa mwenye zizi haki ya kumshikilia mnyama hadi deni lilipwe, na ukianza vita ya jumla unaweza kuja kumchukua Lulu ukakuta lango limefungwa, huku siku za malazi zinaongezeka.

Hoja yako ya "sikumwita mimi" naielewa, ila haina nguvu unayoidhania. Mikataba mingi ya mazizi ina kifungu kinachomruhusu mwenye zizi kuita daktari kwa niaba yako dharura ikitokea. Hata pasipo kifungu, mtu aliyemwokoa mnyama wako wewe ukiwa hupatikani anaweza kuwa na madai ya msingi kwako kwa gharama za kawaida. Jiulize pia kinyume chake: ungeandika barua gani kwangu kama wasingemwita?

Turudi kwenye ile karatasi.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa zizi moja usiku kwa farasi dume wa mpanda farasi aliyekuwa angani, kwenye ndege. Mapigo 80, fizi zimebadilika rangi, tumbo limejaa kama ngoma. Utumbo mpana ulikuwa umejisokota. Hali hiyo hukata damu ya utumbo, na suluhisho ni kisu tu, tena ndani ya saa chache. Mwenye zizi alisimama na simu mkononi, machozi yanamtoka, hawezi kusema "mpelekeni hospitali" kwa sababu malipo ya awali ya hospitali ni makubwa na hela si yake, hawezi kusema "mpumzisheni", yaani auawe kwa sindano asiteseke, kwa sababu farasi si wake. Tulikaa hivyo zaidi ya saa mbili, mimi naongeza dawa ya maumivu ambayo haishiki. Mwenye farasi alipotua na kuwasha simu, swali lilikuwa limeshajijibu lenyewe. Alilipia usiku mzima wa matibabu ambayo hayakuwa ya kuponya wala ya kupumzisha.

Kwa hiyo kabla hujafungua mkoba kulipa hizi bili, andika ukurasa mmoja. Namba yako, na namba ya mtu mwingine anayeruhusiwa kuamua kama wewe hupatikani, mtu ambaye mmeshazungumza naye na amekubali. Kiasi ambacho zizi linaweza kutumia bila kukuuliza. Kama una bima, namba ya mkataba wa bima na simu yao ya dharura. Uzito wa Lulu, dawa zinazomdhuru, tarehe ya chanjo ya mwisho. Halafu sentensi mbili ngumu kuliko zote. Ya kwanza: upasuaji wa tumbo, ndiyo au hapana. Ya pili: kama daktari anaona hakuna tumaini na mimi sipatikani, naruhusu apumzishwe. Saini, weka nakala mlangoni mwa banda la Lulu, nyingine kwa daktari, nyingine kwa huyo mtu wa pili.

Watu hukwama kwenye "ndiyo au hapana". Wanajiona wakatili wakiandika hapana. Nisikilize, dada: upasuaji wa tumbo la farasi hauishii kwenye meza ya upasuaji. Kuna malipo ya awali kabla ya kufungua mlango, nusukaputi, siku za dripu hospitalini, kisha kufungiwa bandani wiki kadhaa, halafu uwanja mdogo, na kwa kawaida kama miezi mitatu kabla ya kupandwa tena. Miezi yote hiyo ada ya zizi inatembea. Farasi kuamka kutoka nusukaputi nako kuna hatari yake, kwa kuwa mnyama mzito hivyo akijaribu kusimama angali mlevi wa dawa anaweza kuvunjika mguu. Wapo wanaofanyiwa na kuishi miaka mingi kwa raha. Wapo wenye farasi waliosema hapana mapema, na farasi wao akapumzika bila kuteseka. Wote nimewaheshimu. Asiye na jibu lolote ndiye hunipa shida.

Sasa suala la kujipanga. Piga simu hospitali ya farasi unayoweza kuifikia na uulize mambo mawili: malipo ya awali ya upasuaji wa tumbo ni kiasi gani, na bili nzima kwa kawaida hufikia wapi. Watakujibu, wanaulizwa kila siku. Kama umeandika "ndiyo" kwenye karatasi, basi yale malipo ya awali ndiyo lengo la mfuko wako wa daktari, pesa unayoitenga kila mwezi kama unavyotenga ada ya zizi. Kama umeandika "hapana", lengo ni dogo zaidi: usiku kama huu wa Lulu mara mbili, pamoja na gharama ya kumpumzisha na kuuondoa mwili. Gharama hiyo ya mwisho husahaulika na karibu kila mtu. Mwili wa kilo 500 hauondoki bila gari na watu. Tena kama imetumika sindano ya kumpumzisha, nyama ina sumu kwa mbwa na ndege watakaoila, kwa hiyo haiachwi hovyo.

Bima inasaidia, ila soma maandishi madogo. Nyingi zina kikomo kwa kila ugonjwa, huacha kulipa ugonjwa huohuo baada ya muda fulani, mara nyingi miezi 12, na hutaka kuarifiwa kabla ya upasuaji au kabla ya kumpumzisha farasi. Kuna jambo litakalokuuma: kama hukuwa na bima kabla ya usiku ule, atakayekukatia leo huenda akaliondoa tumbo la Lulu kwenye orodha ya anavyovilipia. Ukiulizwa, usimfiche. Rekodi ya daktari ipo, na madai yaliyokataliwa kwa uongo ni hasara mara mbili.

Kuna gharama nyingine za kushtukiza, hasa za zizi lenye farasi wengi, na ningependa uzijue kabla hazijakufikia.

Ya kwanza ni ugonjwa wa farasi wa jirani. Kuna homa ya majipu ya taya, inayoletwa na bakteria Streptococcus equi. Farasi mgeni huingia anaonekana safi kabisa, wakati bakteria wamejificha kwenye vifuko vya koo, ambako wanaweza kukaa miezi au hata miaka. Wiki mbili baadaye watatu wana homa, tezi za chini ya taya zimevimba na kutoka usaha, na zizi zima limefungwa: hakuna kutoka, hakuna kuingia. Kila farasi hupimwa, wengine huoshwa vifuko kwa kutumia kamera ndefu ya puani, na bili inakuja kwa mwenye farasi ingawa farasi wake alikuwa amesimama tu bandani. Waulize wenye zizi swali moja: mgeni anatengwa kwa muda gani? Jibu ninalotaka kusikia ni wiki mbili hadi tatu, na ndoo yake mwenyewe. Uliza pia mkataba unasemaje kuhusu vipimo vya zizi zima. Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo na hapa hufanya kazi kubwa, kwa sababu homa hutangulia siku moja au mbili kabla farasi hajaanza kuwaambukiza wenzake. Mwenye homa leo akitengwa leo, wengine wanaweza kunusurika.

Ya pili ni kidonda kidogo. Watu huogopa damu nyingi, kumbe farasi ana damu nyingi ya kumwaga na mchaniko mrefu wa ngozi mara nyingi hushonwa ukapona. Kidonda ninachokiogopa ni tundu la ukubwa wa punje ya mahindi juu ya kiungo, limekauka, farasi bado anatembea. Kama limefika ndani ya kiungo, bakteria hupata mahali ambapo dawa haifiki vizuri. Kikisafishwa hospitalini ndani ya siku ya kwanza, matumaini ni mazuri. Kikingojea siku ya tatu, wakati mguu hauguswi tena, bili imepanda mara kadhaa na farasi huenda asipandwe tena. Waambie wa zizi: kidonda chochote karibu na kiungo, jicho lililofumbwa, msumari kwenye unyayo, tumbo linaloendelea kuuma, daktari aitwe hata saa tisa usiku, na ada ya usiku ni yangu. Na msumari wasiung'oe kama unaweza kubaki salama hadi daktari afike. Eksirei ikipigwa ukiwa mahali pake huonyesha umefika wapi. Mchubuko, kamasi bila homa, kikohozi cha mara moja, hivyo vingoje asubuhi. Farasi asiyetaka kabisa kukanyaga mguu mmoja, ita, ila usianze kulia: watu hunipigia wakisema mfupa umevunjika, na mara nyingi natoboa ukwato, usaha unatoka, jioni anatembea.

Ya tatu ni magonjwa yanayokuja na umri. Lulu ana 14, na farasi hufika 25 na zaidi. Ukiona manyoya marefu hayanyonyoki msimu unapobadilika, anakunywa na kukojoa sana, misuli ya mgongo inapungua, mpime ugonjwa wa Cushing, ambao ni wa homoni. Dawa yake, pergolaidi, ni ya kila siku hadi mwisho wa maisha, na hiyo ni bili isiyo na usiku wala dharura ila haiishi. Vidonda vya tumbo navyo, ingawa havingoji umri: tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, ale asile, na tiba ya omeprazoli kwa kawaida ni mwezi mzima.

Meno, chanjo na minyoo nisikuchoshe nayo. Meno yaangaliwe walau mara moja kwa mwaka, chanjo ya pepopunda isikosekane kamwe, na kinyesi kipimwe mayai ya minyoo badala ya kumpa dawa kila baada ya miezi miwili kwa mazoea. Katika kundi, kama asilimia 20 ya farasi ndio hutoa asilimia 80 ya mayai. Panga siku hiyo pamoja na wenzako wa zizi ili ada ya safari ya daktari mgawane.

Kuhusu tumbo lenyewe kujirudia: farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na asiyekunywa hukauka ndani. Uliza kama wiki ile walibadilisha nyasi. Mabadiliko ya chakula yanataka siku 7 hadi 10, kidogo kidogo. Kama uwanja una mchanga, tia kinyesi kidogo kwenye glavu nyepesi, jaza maji, ining'inize vidole vikitazama chini. Baada ya muda mfupi mchanga utaonekana umejaa vidoleni. Nimeona watu wazima wakinyamaza kabisa mbele ya glavu hiyo.

Mwisho, uliuliza kama umhamishe. Kabla hujaamua, tazama tena ile karatasi ya saisi. Mstari wa kwanza unasema: "Saa 5:10 usiku. Hajagusa nyasi. Anageuka kutazama ubavu. Kinyesi fungu moja tangu mchana." Daktari aliitwa saa 5:30. Watu wengi hugundua farasi wameshikwa na tumbo asubuhi, wakati wa kulisha, mnyama amelowa jasho na kuta za banda zina alama za kwato. Huyu kijana alipita na tochi saa tano usiku na akajua idadi ya mafungu ya kinyesi. Bishana na ofisi kuhusu asilimia 10, lakini mstari wa kukesha ulipe leo, na uulize kama pesa hiyo inamfikia yeye.